Kibali cha ujenzi ni haki ya nani?

Jioni moja baada ya sala ya Isha, tukiwa tumekaa barazani mwa msikiti wa mtaani kwetu hapa Dar es Salaam, kijana mmoja anayeanza ujenzi alituuliza swali. Alisema: "Wazee wangu, kiwanja nimenunua kwa jasho langu, pesa ni ya halali, sijamdhulumu mtu. Nikijenga bila kibali cha manispaa nitakuwa nimepata dhambi?"

Wengi waliokuwepo walicheka. Mmoja akamwambia kuwa hayo ni mambo ya serikali, hayahusiani na akhera. Akikamatwa atalipa faini, asipokamatwa amshukuru Mwenyezi Mungu. Mwingine akamshauri amtafute mtu pale ofisini "wamalizane". Mimi nilinyamaza. Sikunyamaza kwa kukosa la kusema, bali kwa sababu na mimi nina kisa cha ukuta wangu.

Miaka kadhaa nyuma nilijenga uzio wa nyumba yangu. Fundi aliniambia kuwa tukisogea nje futi tatu tu, nitapata nafasi nzuri ya kuegesha gari. Futi tatu zile zilikuwa njia ya maji ya mvua. Kibali sikuwa nacho, na tulijenga Jumamosi na Jumapili, siku ambazo maofisa hawapiti. Masika yalipofika, maji yalikosa njia yakageukia kwa jirani yangu wa upande wa chini, mama mjane anayeishi na wajukuu zake. Asubuhi nilimkuta akitoa magodoro nje. Shimo la choo lilikuwa limefurika mpaka sebuleni. Nikampa pole. Akanijibu, "Ahsante baba, ndiyo mipango ya Mungu."

Nikaitikia. Lakini moyoni nilijua ile ilikuwa mipango ya nani.

Ndugu msomaji, hapo ndipo lilipo swali la kijana yule. Tukidhani kuwa kibali ni haki ya serikali, basi kukikwepa ni mchezo wa paka na panya kati yetu na manispaa. Lakini hebu tujiulize: yale masharti yaliyoandikwa kwenye kibali, yaani umbali kutoka kwenye mpaka, idadi ya ghorofa, njia ya maji, mahali pa shimo la choo, yamewekwa kwa ajili ya nani? Afisa wa manispaa halali kwenye nyumba iliyo jirani na yangu. Anayelala hapo ni jirani yangu. Haki ni yake yeye, na serikali ni mlinzi tu wa haki hiyo, awe mlinzi mwema au mbaya.

Wapo wanaosema mambo haya ya mipango miji tumeletewa na wakoloni. Wanaosema hivyo hawajaisoma historia yao wenyewe. Imam Tabari anaeleza katika tarikh yake habari za mji wa Kufa, ulioasisiwa mwaka wa 17 Hijria, yaani 638, katika ukhalifa wa Sayyidna Umar (RA). Kabla watu hawajagawana viwanja, barabara zilipimwa kwanza: zile kubwa dhiraa 40, zinazofuata 30, kisha 20, na vichochoro dhiraa 7. Nyumba za mwanzo zilikuwa za matete, moto ukaziteketeza. Watu wakatuma ujumbe kwa Khalifa kuomba ruhusa ya kujenga kwa matofali. Akawaruhusu, lakini kwa masharti: mtu asizidishe vyumba vitatu, wala wasishindane kwa kurefusha majengo.

Hicho ni nini kama si kibali cha ujenzi chenye masharti? Na waliopewa masharti hayo walikuwemo Masahaba. Hawakusema, "Ardhi ni yetu, tutajenga tupendavyo."

Karne nyingi baadaye, mjini Tunis, fundi wa ujenzi aliyejulikana kwa jina la Ibn al-Rami aliandika kitabu kizima juu ya hukumu za majengo. Huyu alikuwa mtu wa mawe na chokaa, akiitwa na makadhi kwenda kukagua kuta zilizogombaniwa. Kitabu chake kimejaa mambo ambayo hata leo ndiyo tunayogombania mitaani: dirisha linalochungulia uwani kwa jirani, ukuta unaotaka kuanguka, maji machafu yanayopita kwa mwenzio, moshi wa tanuri. Msingi wa hukumu hizo ni ule mafundisho ya Mtume (SAW) kwamba haifai mtu kudhuru wala watu kudhuriana. Umiliki wako haukupi ruhusa ya kumdhuru aliye kando yako.

Mafakihi walikwenda mbali zaidi. Walizungumzia harimu ya kisima na ya mto, yaani eneo linalozunguka maji ambalo mtu haruhusiwi kulivamia, ili maji yasiharibike na watu wasikose njia ya kuyafikia. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Wengi wetu tunaziona mita 60 hizo kuwa ni usumbufu wa wataalamu. Mimi naziona kuwa ni harimu kwa jina jingine.

Gharama ya kuyadharau haya tumeiona kwa macho yetu. Machi 29, 2013, ilikuwa siku ya Ijumaa, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya jiji la Dar es Salaam liliporomoka na kuangukia eneo jirani la msikiti. Watu 36 walifariki. Baadhi yao hawakuwa na hisa wala kibarua katika jengo lile. Walikuwa jirani tu. Novemba 16, 2024, jengo la biashara likaporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20, wakiwemo waliokwenda kutafuta riziki yao ya siku.

Nikikumbuka misiba hiyo hunijia ule mfano aliotupigia Mtume (SAW) wa watu waliopanda jahazi moja. Waliokaa chini wakaona tabu kupanda juu kuchota maji, wakataka kutoboa tundu katika sehemu yao. Wakiachiwa, wanazama wote. Wakizuiwa, wanaokoka wote. Aliye chini alikuwa na nia njema kabisa, hakutaka kuwasumbua wenzake. Na sehemu ni yake. Lakini jahazi ni la wote.

Sasa najua yupo atakayeniambia: "Ustadh, unawasema wanyonge, wakubwa je?" Swali hili ni la haki na halifai kukwepwa. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu wapatao 40 hapa jijini, na waliookolewa mabondeni wakapelekwa Mabwepande. Mwishoni mwa 2015 tingatinga likaingia bonde la Msimbazi, nyumba zikawekwa alama ya X na kubomolewa. Lakini bonde lile lile la Jangwani ndipo ilipojengwa karakana ya mabasi ya mwendokasi, na maji yakaifuata huko mara kwa mara. Mto haukuuliza kama aliyejenga ni mama lishe au ni serikali.

Tena wengi wa wakazi wa jiji hili wanaishi katika maeneo yasiyopimwa. Hawakwenda huko kwa ukaidi. Jiji liliandaliwa mipango mikuu mwaka 1949, 1968 na 1979, kisha kwa zaidi ya miaka 30 likaendelea kufura likiegemea mpango ule wa 1979. Viwanja vilivyopimwa vilikuwa vichache na ghali, na kupata kibali ni safari ya njoo kesho. Anayemkataza maskini kujenga bondeni bila kumwonyesha pa kwenda, naye amedhulumu. Na ofisa anayepokea rushwa ili ghorofa 10 ziwe 16 ana damu mikononi mwake, hata kama muhuri wake ni halali. Kibali kilichonunuliwa hakibadilishi uzito wa zege wala nondo.

Pamoja na hayo yote, dhuluma ya mtawala haimpi raia leseni ya kumdhulumu jirani. Mama yule mjane hakuwahi kula rushwa ya mtu. Mimi nilipojenga juu ya mfereji, sikumkomoa ofisa yeyote. Nilimkomoa yeye na wajukuu zake. Tumefundishwa kuwa anayechukua hata shibiri moja ya ardhi kwa dhuluma atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Mimi nilichukua futi tatu.

Tujisemeshe pia sisi kama jamii. Tunayo misikiti na madrasa zilizojengwa kwenye hifadhi ya barabara au kwenye eneo la wazi, zikaongezwa ghorofa bila mhandisi kwa hoja kwamba ni nyumba ya Allah, atailinda. Wanazuoni wamehitilafiana kama sala katika ardhi iliyoporwa inasihi, lakini hawakuhitilafiana kwamba uporaji ni dhambi. Na nguzo ya madrasa isiyopimwa inabeba juu yake watoto wetu. Kamati zetu za misikiti zingeweza kuwa za kwanza kudai michoro na mhandisi kabla ya kudai michango ya saruji.

Ukuta wangu niliuvunja. Ilinichukua misimu miwili ya mvua kufikia uamuzi huo, na hilo nalisema kwa aibu. Nilikwenda kwa yule mama nikamweleza ukweli, nikamlipa magodoro na gharama ya choo. Aliniangalia kwa muda, akasema: "Nilijua, baba. Nilikuwa nakungoja wewe ujue." Mpaka leo sijapata usingizi mzito siku mvua inaponyesha.

Basi kijana yule nilimfuata nje ya msikiti nikamjibu. Nilimwambia aende manispaa, na akizungushwa asichoke, na akiombwa rushwa asitoe. Lakini kabla ya manispaa, asimame kwenye kiwanja chake wakati mvua inanyesha, atazame maji yanaelekea kwa nani. Huyo ndiye mwenye haki ya kwanza juu ya ramani yake.

Wallahu a'lam.