Dhiki ya Mwili, Dhiki ya Nafsi, na Zawadi ya Viungo

Katika nchi ya Wagusii, tangu zamani hata baada ya kupita nusu ya karne ya ishirini, palikuwapo mafundi wa tiba ambao, akijiwa mmoja wao na mtu aliyelalamika kwamba kichwa kinamwuma tangu alipopigwa rungu, alimpasua ngozi ya utosi, akaukwangua mfupa wa fuvu kidogo kidogo mpaka ukaonekana utando unaoufunika ubongo, kisha akamfunga jeraha. Edward Margetts, tabibu wa maradhi ya akili aliyeisimamia hospitali ya Mathari mjini Nairobi katika miaka ya 1950, aliichunguza kazi hiyo ya omobari omotwe, kama aitwavyo fundi wa namna hiyo, na kuiandika. Kinachonishughulisha mimi katika habari hii ni imani ya fundi yule kuliko ustadi wa kisu chake: maumivu ya kichwa hayaonwi na yeyote isipokuwa mwenye kichwa, na pamoja na hayo fundi aliyasadiki, maadamu palikuwa na pigo lililojulikana na mahali pa kutia chuma. Lau mtu huyohuyo angalikuja akasema kwamba kinachomwuma ni kule kuishi kwenyewe, fundi angalikosa pa kukwangua.

Hivyo ndivyo tunavyoamini hata leo. Aliyeteleza katika mteremko wa shamba la chai pale Nyamache akavunjika mguu, hubebwa na majirani mpaka hospitali, akaletewa uji katika thamosi, na kila apitaye kitandani pake humpa pole. Ilhali yule aliyeshikwa na sonona, ambaye wiki ya tatu sasa haogi wala hashiki kikapu cha kuchumia chai, huambiwa ajikaze, na asipojikaza hupelekwa kuombewa. Wala sidhani kwamba majirani hawa ni watu wakatili. Wanadai ushahidi, na mguu uliovunjika hujitolea ushahidi wenyewe.

Sasa, ziko nchi ambako sheria imekubali kuupokea ushahidi wa nafsi hata katika jambo lililo zito kuliko yote. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya Uholanzi iliamua, katika kesi ya tabibu Boudewijn Chabot, aliyemsaidia kufa mwanamke mmoja aliyefiwa na wanawe wawili na asiye na ugonjwa wowote wa mwili, kwamba chimbuko la dhiki halipunguzi uzito wake. Lakini ilimtia hatiani tabibu huyo, bila kumpa adhabu, kwa kuwa hapakuwa na tabibu mwingine aliyemchunguza mgonjwa ana kwa ana. Ubelgiji nayo, kwa sheria yake ya mwaka 2002, iliruhusu kifo cha huruma kwa dhiki isiyovumilika, ya mwili au ya nafsi, na tangu mwaka 2005 baadhi ya wagonjwa hao wametoa viungo vyao: mgonjwa huletwa hospitali, hupewa dawa kwa ombi lake, moyo husimama, matabibu hungoja dakika chache ili mauti yathibitike, kisha maiti huingizwa chumba cha upasuaji kilicho jirani. Matabibu wa Leuven walipochapisha mwaka 2011 habari za mapafu yaliyopatikana kwa njia hiyo, mmoja miongoni mwa watoaji alikuwa mgonjwa wa nafsi.

Na hapa lipo jambo ambalo wengi hulipita bila kulitazama. Wagonjwa wengi wanaoomba kifo cha namna hiyo wana saratani, nao kwa kawaida hawawezi kutoa viungo, kwa kuwa maradhi yaleyale yaliyowafikisha hapo huweza kumfuata mpokeaji. Wanaobaki ni wale ambao ugonjwa wao umewaachia figo, ini na mapafu salama: wenye maradhi ya mishipa ya fahamu, na wenye maradhi ya nafsi, ambao mara nyingine ni vijana. Basi mtu ambaye dhiki yake ina ushahidi haba kuliko wote ndiye ambaye mwili wake una thamani kubwa kwa wengine, na hakuna haja ya kumdhania tabibu yeyote ubaya ili kuona kwamba mahali kama hapo huruma na haja zaweza kuchanganyika pasipo wenyewe kujua.

Tena sonona ina desturi ya kumnong'oneza mgonjwa kwamba hafai kitu, kwamba ni mzigo kwa mkewe na watoto, na kwamba nyumba itapata nafuu akiondoka. Mwambie mtu kama huyo kwamba kufa kwake kutawaponya watatu wanaongoja figo na ini, na utakuwa umempa jibu la swali ambalo ugonjwa wenyewe ndio uliomwuliza. Mwenye dhiki ya mwili naye aweza kujiona mzigo, nakiri. Lakini kwa kawaida mguu uliooza haumfundishi mwenyewe kujidharau, na sonona kazi yake ni hiyo.

Kwetu Kenya mlango huu wa kifo cha huruma umefungwa. Kumsaidia mtu kujiua ni jinai, na kifungo chake chaweza kuwa cha maisha. Lakini Sheria ya Afya ya mwaka 2017 humruhusu mwenye uwezo wa kuandika wasia kuutoa mwili wake, au kiungo chake, kwa wasia huo, kwa hati, au kwa kauli mbele ya mashahidi wawili; na mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomwadhibu aliyejaribu kujiua, ikisema kwamba kilimbagua mtu kwa sababu ya afya yake. Ikiwa mahakama zetu zimekwisha kutambua kwamba tamaa ya kufa yaweza kuwa ugonjwa, haiwezekani tamaa hiyohiyo, ikishatiwa saini, igeuke wasia usiohitaji kuulizwa.

Wala sisemi kwamba kila mgonjwa wa akili hana hiari. Wengi wao huandika wasia ulio timamu kuliko wa ndugu zao. Mtu aliyetoa figo zake kwa maandishi siku za uzima wake, kisha akaja kuugua nafsi, zawadi yake isimame. Ninayemwogopea ni yule ambaye ombi la kufa na zawadi ya viungo vimezaliwa usiku mmoja. Huyo haifai kuulizwa habari za viungo na yeyote, wala matabibu wa upandikizaji wasilijue hata jina lake.

Jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya taifa. Nawasihi watunga sheria wetu, siku hoja hii itakapowafikia, waanzie hapo kabla ya kuuliza figo za wagonjwa hao zitamfaa nani.