Sadaka kwa Asiyeweza Kurudisha

Katika vijiji vya kandokando ya ziwa Tanganyika, mtu akivua samaki wengi humpelekea jirani yake sehemu, na jirani akichinja mbuzi hurudisha nyama. Desturi hiyo ni njema. Wazee waliifundisha kabla ya misioni kufika. Lakini anayejitayarisha kwa ubatizo hana budi kujiuliza: je, hayo ndiyo mapendo aliyoyaamuru Bwana Yezu, au ni mapatano mema tu kati ya watu wanaojuana?

Bwana mwenyewe hakuwaacha wafuasi wake katika shaka. Siku moja, akiwa mezani nyumbani mwa Mfarisayo, alimfundisha mwenyeji wake kwamba afanyapo karamu asiwaite rafiki na jirani matajiri, kwa kuwa hao watamwalika naye, na malipo yake yatakwisha papo hapo. Bali awaite masikini, viwete na vipofu. Neno hilo halimkatazi mtu kuwalisha ndugu zake (naye asiyemtunza mama yake asijisifu kwa sadaka anayoitoa kanisani), ila laonyesha mahali mapendo yanapopimwa: kwa yule asiye na mbuzi wa kurudisha.

Basi, na afikiriwe mjane mzee asiye na mtoto. Nyumba yake iko mwisho wa kijiji, na paa lavuja. Katika ukoo wa marehemu mumewe walikufa watoto wawili mwaka mmoja, na watu wakanong'ona jina la huyo mama. Hakuna aliyemwona akitenda uovu wowote, lakini tangu siku ile hakuna aombaye moto kwake, wala amtekeaye maji. Siku ya Jumapili mkatekumeni anapita mbele ya mlango wake, amechukua kikapu cha mihogo cha kutolea kanisani. Apite, au asimame? Akisimama, mke wake atakasirika, na jirani watasema: "Huyu naye amekwisha kula na mchawi." Akipita, hakuna atakayemlaumu, wala Padri hatajua.

Majibu ya kujitetea hayakosekani. Mmoja husema: "Mungu ndiye aliyempiga." Rafiki za Yobu walisema hivyohivyo, na Mungu akawakasirikia. Mwingine husema: "Ana ukoo wake, wamtunze wao." Lakini yule Msamaria wa Injili hakuuliza ukoo wa mtu aliyelala njiani, na waliompita kwanza, kuhani na Mlawi, walikuwa watu wa taifa lake mwenyewe.

Wa tatu husema: "Mimi pia ni masikini." Jibu hilo lina ukweli ndani yake, wala si vema kulidharau. Kanisa halimwamuru baba kuwanyima watoto wake chakula ili ampe mgeni. Mtakatifu Toma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba kile kinachozidi mahitaji ya mtu na nyumba yake ni haki ya masikini kwa sheria ya maumbile. Tena, mtu aliye katika shida kubwa ya kufa, akichukua cha kumponya katika mali ya mwingine, hafanyi wizi. Kumbe swali si kama mjane huyo anastahili zawadi. Swali ni kama mihogo iliyozidi ghalani si yake tayari.

Lakini mara nyingi kinachomzuia mtu si njaa, ni hofu. Hapo mkatekumeni na ajipime vema, maana siku ya ubatizo ataulizwa mbele ya wote kama anamkataa Shetani na kazi zake zote.

Ng'ambo ya ziwa, huko Karema, wengi walimjua Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akaibwa angali mtoto, akauzwa. Mapadri Weupe wakamkomboa huko Aljeria, wakampeleka Malta kusomea uganga. Alifika Karema mwaka 1889, akiwa katekista na mganga, akakaa huko mpaka kufa kwake mwaka 1956. Alipofika hakuwa na ukoo katika nchi ile, wala hakuna aliyemdai kitu. Hata hivyo aliwatibu Wakristo na wasio Wakristo, muda wa miaka 67.

Kumtupia mama mihogo mlangoni na kukimbia si mapendo. Hata mbwa hutupiwa. Na asalimiwe kwanza: "Jambo, mama." Na aketi mtu kidogo, asikilize habari zake, ale naye akikaribishwa. Kisha na atazame juu. Kulitengeneza paa lile ni kazi ya siku chache kwa wanaume wawili, na nyasi zimekwisha kukauka, na mvua haijaanza.