Chumvi ya Sauti

Je, ni halali kuigeuza sauti ya mtu mwingine ikiwa mageuzi yenyewe ni madogo, kiasi kwamba hakuna atakayeyatambua? Swali hili huniandama kila ninapokaa usiku kuchanganya nyimbo nilizorekodi nyumbani.

Chombo cha kubana sauti, nikikiweka kwenye uwiano wa 2 kwa 1, hukishusha kilele kilichovuka kiwango kwa desibeli 6 kikabaki kimevuka kwa 3. Kisha huipandisha sauti nzima, na hapo vilivyokuwa chini huibuka: pumzi ya mwimbaji, kiti kinacholia, hata mvua ya mabatini. Kukoleza ndiko hasa kunakofanana na kutia chumvi. Tepu ya sumaku ikipokea sauti kupita uwezo wake, huizalisha: penye mitetemo 220 kwa sekunde, ile ya 660 hupata nguvu ambayo koo halikuipa. Leo kompyuta huiga ulevi huo wa tepu, nasi twasema sauti imekolea.

Wako washikiliao kwamba sauti iachwe ilivyo. Lakini ilivyo ni ipi? Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, upande mmoja wa santuri ulibeba kama dakika tatu tu, na sauti nyembamba za juu kabisa hazikuingia. Sijasikia mtu akimwita mwongo. Kipaza sauti nacho hakisikii kama mtu aliyeketi mkekani. Mtu huinama kuufuata mnong'ono; chombo hakijui kuinama. Basi kubana kidogo huenda ni kumrudishia msikilizaji kile ambacho angekipata lau angekuwapo.

Ninachokiogopa ni kingine. Marehemu shangazi yangu alikuwa na bembelezi zake, na ubeti wa mwisho aliushusha hadi ukakaribia kimya. Kushuka kule ndiko kulikomlaza mtoto. Nikizibana beti zote zilingane, kila neno litasikika wala hakuna atakayelalamika, ila wimbo hautamlaza mtu. Naye hayupo wa kunikataza. Waimbaji walio hai huwasikilizisha kabla na baada, wachague wenyewe (na mara nyingi huchagua iliyokolezwa zaidi).

Wimbo wa shangazi nimeupandisha kwa mkono, pale tu neno lilipozama kabisa, kwa desibeli 1 au 2. Ubeti wa mwisho sikuugusa. Wajukuu wake husema hausikiki vizuri.