Je, Ni Vibaya Kusema "Bado"?



Wengi wenu mlikuwapo kwenye kiwanja cha mpira siku ile ya sikukuu ya mtaa wetu, na wengi mlirudi nyumbani mmenuna. Sisi wa halmashauri tulinuna pia. Jumapili mbili mfululizo tulikuwa tumetangaza kanisani kwamba baada ya Misa na chakula, kijana wetu mmoja angeonyesha helikopta yake ndogo inayoendeshwa kwa redio. Watoto walifika mapema wakakaa kwenye nyasi. Wazee waliletewa viti. Wageni waliotoka Muheza waliiacha gari ya saa tisa ili waione. Basi kijana akaitoa helikopta sandukuni, akaigeuza huku na huku, akapitisha ukucha wake juu ya panga moja, kisha akairudisha sandukuni. Akasema neno moja tu: "Bado."

Jioni tulimwita. Alikuja, akatuamkia kwa heshima, akaliweka lile panga mezani chini ya taa. Karibu na tundu la skrubu palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Mmoja wetu akamwambia, "Mwanangu, ni nani angeuona ufa huu?" Akajibu, "Mimi nimeuona, baba."

Jibu hilo limekaa nasi tangu siku ile. Tunaandika leo kwa sababu tunaona kuwa halihusu mchezo wa kijana mmoja tu. Swali lenyewe ni hili: Mtu akiwa amesubiriwa na watu wengi, na kasoro aijuayo yeye haionekani na mwingine yeyote, je, ana wajibu wa kuwavunja moyo? Au ni kiburi na woga uliovikwa nguo ya uangalifu?

Yafaa kwanza tueleze chombo chenyewe, maana wengi tulikidhani kuwa mwanasesere. Mapanga yake mawili ya juu, kutoka ncha hadi ncha, yana upana wa mita 1.2. Yakizunguka vizuri huzunguka zaidi ya mara 1,500 kwa dakika. Piga hesabu utaona kwamba ncha ya panga inapita zaidi ya mita 90 kila sekunde, ambayo ni zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Hakuna basi la barabara kuu linalokwenda hivyo. Mwaka 2013, katika jiji la New York, kijana mmoja aliyeujua sana mchezo huu aliuawa na helikopta yake mwenyewe ya namna hii. Panga likikatika kwenye mwendo huo halichagui pa kwenda.

Tena ni chombo kisichotulia chenyewe. Ndege ya kawaida ikiachwa kidogo hewani huweza kuendelea na safari yake, lakini helikopta hutaka kuanguka upande wowote, kama ufagio uliosimamishwa juu ya kiganja. Mapanga ya juu yakizunguka upande mmoja, mwili nao hutaka kuzunguka upande wa pili, ndiyo maana kuna pangaboi dogo mkiani la kuuzuia. Ndani kuna kifaa kiitwacho jairo, ambacho huhisi mkia unapoanza kupotoka na kuurudisha. Kifaa hicho nacho kina kipimo chake: ukikilegeza mno mkia hupotea, ukikikaza mno mkia hutetemeka.

Mapanga mawili lazima yawe na uzito ulio sawa. Kijana huyapima, na lililo jepesi hulibandikia kipande cha utepe. Kisha huweka utepe wa rangi kwenye ncha moja, huwasha injini, na kutazama kutoka mbali kidogo kama ncha zote mbili zinapita njia moja. Likipita moja juu na moja chini, hana ruhusa ya kurusha. Ruhusa hiyo anajinyima mwenyewe, kwa kuwa hakuna askari anayelinda pale. Kibali cha serikali alikwisha kukitafuta kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, lakini hakuna mamlaka inayoweza kusimama kando yake kila alasiri kuhesabu skrubu.

Kuna jambo jingine alilotufundisha, nalo tulilipenda. Injini yake inatumia methanoli iliyochanganywa na mafuta ya mbarika. Aliifunga na kuirekebisha kwanza kwa rafiki yake mjini Tanga, ikalia vizuri sana. Alipoipandisha huku Amani ikawa inakohoa na kuzima. Akadhani imeharibika. Kumbe haikuharibika. Tanga iko usawa wa bahari, nasi tuko kama mita 900 juu yake, na hewa ya huku ni nyepesi zaidi. Sindano ya kabureta iliyofaa pwani ilikuwa inaleta mafuta mengi mno kwa hewa ya milimani. Ikabidi aikaze kidogo kidogo. Hata hapo kuna mpaka, kwa sababu ukiikaza kupita kiasi injini hulia kwa nguvu na kukufurahisha, lakini ndani inaungua. Anayejua huiacha na mafuta kidogo ya ziada, hata ule moshi mweupe mwembamba uonekane nyuma. Yaani injini iliyo salama haitoi sauti tamu kuliko zote.

Na kujifunza kuirusha? Kwa muda wa miezi saba alifanya jambo ambalo watoto walilicheka. Alifunga fito mbili nyepesi chini yake kwa mfano wa msalaba, na mpira mdogo kwenye kila ncha, ili ikiinama isibiruke. Akaiinua kimo cha shubiri moja, akaishusha. Akaiinua tena. Mwezi mzima mkia ulimwelekea yeye. Baadaye aliigeuza ubavu. Mwisho aliielekeza pua kwake, na hapo ndipo mambo huwa magumu, maana mkono wa kuume wa helikopta huwa upande wa kushoto wa mrushaji, na kila alichozoea hupinduka. Alianguka mara mbili. Kila anguko liligharimu vipuri ambavyo jamaa yake, baharia, humletea akipita.

Sasa turudi kwenye swali letu. Tulipokuwa na hasira tulikuwa na hoja, wala hazikuwa hoja za kipumbavu. Tuziangalie moja moja.

Hoja ya kwanza: ufa ule ulikuwa mdogo, na pengine panga lingevumilia dakika tano. Ni kweli, pengine lingevumilia. Lakini tuangalie neno hilo "pengine" ni la nani. Kama kijana angekuwa peke yake porini, "pengine" ingekuwa mali yake, na hasara pia yake. Pale kiwanjani watoto walikuwa wamekaa kwenye nyasi, na hawakuulizwa. Mtu aweza kuihatarisha mali yake, na kwa kiasi fulani hata ngozi yake. Hatari ya mwenzake hana haki ya kuikubali kwa niaba yake, hasa mwenzake huyo akiwa hajui kwamba kuna hatari. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo yamwonya mwenye nyumba juu ya gharama yake. Lakini kuna nyufa ambazo ukuta wake humwangukia mpita njia.

Tena tusidhani kwamba haya ni ya helikopta tu. Tunaopanda vyombo vya bahari twakumbuka meli ya Spice Islander, iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba, ikiwa imebeba watu wengi mno kupita uwezo wake. Mamia walikufa. Abiria hawezi kuhesabu watu wote walio melini, wala hawezi kushuka chini kutazama mizigo ilivyopangwa. Amejitia mikononi mwa anayejua. Hali kadhalika mgonjwa mbele ya mwuguzi, mzazi mbele ya mwalimu, na sisi sote mbele ya mtunza hazina anayefunga daftari la sadaka. Kila mmoja wao ana panga lenye ufa ambalo yeye peke yake amepitisha ukucha juu yake. Ikiwa "hakuna atakayeona" ni sababu ya kutosha, basi hakuna tena kuaminiana.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Mmoja wetu alisema: "Tukimsifu huyu, kesho kila mvivu atasema bado. Fundi hatamaliza paa, mwimbaji hatasimama kuimba, na kila mtu atafukia talanta yake ardhini na kujiita mwangalifu." Hoja hii ilitusumbua, kwa kuwa ni kweli kwamba woga hupenda kuvaa nguo za hekima. Tumewaona watu ambao maisha yao yote yalikuwa bado.

Basi tutawatambuaje hao wawili? Twadhani ipo alama. Mwoga hawezi kukuambia ufa uko wapi. Ukimwuliza kwa nini bado, atasema hali si nzuri, au moyo wake hautaki, na ukimwuliza lini, hana siku. Mwangalifu atakuwekea panga mezani. Atakuonyesha kwa kidole: ni hapa. Atakuambia linahitaji nini, na kesho yake asubuhi utamkuta ameanza kazi. Neno la wote wawili ni lile lile "bado", ila la mmoja limefunga mlango, na la mwingine lina tarehe na jina la kazi. Kijana wetu aliandika barua kuagiza mapanga mapya usiku ule ule.

Tumekumbuka pia habari za Igor Sikorsky, mzaliwa wa Kiev, mmoja wa watu waliofanya helikopta iwe chombo cha kutumika duniani. Alitengeneza ya kwanza mwaka 1909, haikuinuka. Ya pili, mwaka 1910, iliweza kuinua uzito wake yenyewe lakini si mtu. Akasema kwa matendo yake: bado. Akaiacha, akajenga ndege za kawaida, akahamia Marekani, na karibu miaka 30 ikapita. Tarehe 14 Septemba 1939, siku ambayo kanisani twaadhimisha Msalaba Mtakatifu, aliinua helikopta yake iliyofanikiwa, naye hakuona haya kuinua chombo kilichofungwa kamba ardhini. Kamba hazikufunguliwa mpaka Mei 1940. Mtu huyo alikuwa mcha Mungu, akaandika hata kitabu juu ya Sala ya Bwana. "Bado" yake ilidumu miaka mingi, lakini haikuwa ya woga, kwa kuwa muda wote mikono yake ilikuwa kazini.

Imebaki hoja ya tatu, ambayo hatukuitoa wakati ule kwa sababu inatuhusu sisi. Ni nani aliyelifanya neno lile la kijana kuwa gumu? Ni nani aliyetangaza Jumapili mbili bila kumwuliza kama chombo kiko tayari? Ni nani aliyewakalisha watoto karibu? Tulimjengea ukuta wa macho ya watu, kisha tukashangaa kwamba ilimbidi auvunje. Angekuwa kijana dhaifu kidogo tu, angerusha, na kama lingetokea la kutokea tungesema ni uzembe wake. Twakiri kwamba sehemu ya uzembe huo ingekuwa yetu.

Hapa ndipo tunapoona fundisho letu. Ni rahisi kuwasifu watu wenye ujasiri wa kusema bado. Ni vigumu zaidi kuwa jamii ambayo ndani yake neno hilo halihitaji ujasiri mkubwa. Dereva anaposema breki hazimridhishi, abiria tusigonge bati la basi. Mtunza hazina anapokiri kwamba hesabu hazilingani na anaomba wiki moja, tusimcheke hata akajuta kusema. Mtoto anaposema hajaelewa somo, tusimwite mjinga. Kila tunapomwadhibu mtu kwa ukweli mdogo, tunawafundisha wengine kumi kuficha ukweli mkubwa.

Mapanga mapya yalifika baada ya wiki tisa. Kijana hakutuomba tangazo. Alitupitia baadhi yetu asubuhi moja, ukungu ulipokuwa umeondoka, tukaenda naye kiwanjani watu watano tu. Alitusimamisha mbali, nyuma yake. Tulimwona akipima, akibandika, akikaza, akizima, akianza upya. Saa nzima ilipita hivyo, na safari hii hakuna aliyetazama saa yake. Kisha ikainuka kimo cha mtu, ikakaa pale hewani, moshi mweupe ukielea nyuma yake kuelekea miti. Ilikaa kama dakika mbili. Akaishusha.

Mzee yule aliyemwuliza nani angeuona ufa alimwendea akampa mkono. "Mwanangu," akamwambia, "siku ile tulikukosea." Kijana alikuwa amekwisha kupiga magoti, anapitisha ukucha juu ya mapanga.