Kivuli ni Haki ya Mtoto Mwenye Ualbino

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), watu wa nyumba yake na masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, katika Surat ar-Rum, aya ya 22, Mwenyezi Mungu (S.W.T.) anatufundisha kwamba kutofautiana kwa lugha zetu na rangi zetu ni katika ishara zake. Basi mtoto mwenye ualbino anayezaliwa na wazazi weusi naye ni ishara. Si laana wala mkosi.

Wako wanaume ambao mke akizaa mtoto wa namna hiyo humtuhumu zinaa. Muogopeni Mungu! Madaktari wanatueleza kwamba ualbino hutoka kwa baba na mama wote wawili. Kila mmoja hubeba asili yake mwilini bila kuonekana, na katika kila mimba yao kuna nafasi 1 kati ya 4 mtoto kuzaliwa hivyo. Anayemtuhumu mkewe na asome mwanzo wa Surat an-Nur, aone uzito wa neno hilo.

Wengine wamevuka mpaka zaidi. Kule Tanzania, mwaka 2006 na miaka iliyofuata, watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo kwa ajili ya wapiga ramli wanaodai kuwa viungo hivyo huleta utajiri. Huo ni uuaji na ushirikina kwa pamoja.

Lakini linalowaua wengi zaidi ni jua. Ngozi nyeusi ina rangi inayozuia sehemu kubwa ya ukali wake. Mwenye ualbino hana kinga hiyo, na sisi wa Kindu tunaishi karibu na ikweta. Jua likimchoma kila siku tangu utoto, ngozi hukakamaa, hutoa magamba, kisha vidonda, na mwisho huwa kansa, hasa usoni, masikioni, mdomoni na shingoni. Na ajabu ni kwamba wako kati yetu wanaotoa feza kununua mafuta ya kujichubua, waiondoe kinga waliyopewa bure! Baadhi ya mafuta hayo yana zebaki, ambayo huharibu figo.

Mtume (S.A.W.) aliagiza Adhuhuri icheleweshwe joto likizidi, kama walivyopokea Bukhari na Muslim. Ikiwa sala yenyewe ilipewa nafuu hiyo, vipi tumtume mtoto huyu kuuza samaki kando ya Lualaba saa saba mchana?

Basi wazazi, shikeni haya:

1. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri, awe kivulini. Kazi ya shamba aifanye alfajiri au jioni.

2. Kanzu ya mikono mirefu na hijabu humfunika vizuri. Lakini kofia yetu ya kuswalia haina ukingo. Uso, masikio na shingo hubaki wazi. Mtafutieni kofia pana.

3. Mafuta ya kawaida ya kujipaka hayazuii jua. Yako mafuta maalumu, kama Kilisun yaliyoanza kutengenezwa kwenye hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, kwa ajili ya watu hawa. Hata akiyapata, asiache nguo na kivuli.

4. Masomoni akae mbele, karibu na ubao, maana macho yake huona kwa shida.

5. Kidonda au uvimbe usiopona kwa mwezi mmoja upelekwe hospitali. Kansa ya ngozi ikigunduliwa mapema hukatwa, na mtu hupona. Nasi wengine tuangalie nyayo zetu na makovu ya zamani ya moto, kwani hata ngozi nyeusi hupatwa.

Ndugu zangu, kila Ijumaa msikiti hujaa na wengine huswali nje juani. Ukimwona ndugu mwenye ualbino anatafuta nafasi, mpishe kwa hiari yako akae ndani. Hutapungukiwa kitu, na malipo yako yako kwa Mola wako.

Ewe Mwenyezi Mungu, wahifadhi watoto wetu, waponye wagonjwa wetu, na ulainishe nyoyo zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Ukimaliza kusoma, mpe jirani yako.