Punguza Bustani, Usimpunguze Mtu

Jiwe la Mazeras, lile la kutandaza bustanini, halina mjadala. Ukienda kulinunua, muuzaji atakutajia bei ya mita moja ya mraba, ataongeza gharama ya lori la kulifikisha Nyali au Mtwapa, nawe utatoa simu, utabonyeza nambari ya siri na pesa itakwenda. Huenda ukaomba upunguziwe, akakataa, ukalipa bila kinyongo. Lori la udongo ni vivyo hivyo, na magunia ya samadi, na mche wa mnazi mfupi uliokua ndani ya mfuko mweusi kando ya barabara ya Malindi. Kisha anakuja mtu wa kuyapanga hayo mawe, kuusambaza huo udongo na kuupanda huo mnazi. Akishataja bei yake, ghafla sote tunakuwa wachuuzi wa Marikiti.

"Ah, kaka, kuchimba shimo tu?"

"Kwani kazi yenyewe si ya asubuhi moja?"

Nimeyasikia maneno haya mara nyingi kwenye mageti ya mtaani kwetu, mengine kwa upole na mengine kwa ukali, na kila mara kinachokatwa ni kile kile. Vitu vina bei; mtu ana maelewano.

Anayedhani kuchimba shimo Mombasa ni kazi ndogo hajawahi kushika mtaimbo. Kisiwa hiki na sehemu kubwa ya mwambao wake vimekaa juu ya jiwe la matumbawe. Udongo wa juu ni mwembamba. Chini yake jembe linalia na kurudi mikononi. Mahali pa kupanda mti mmoja wa maana pahitaji sururu, mtaimbo na mgongo wa mtu, na mawe yaliyotoka yahitaji wilibaro na pahali pa kutupwa. Baada ya hapo ndipo linapokuja swali la udongo wa kujaza, ambao hautoki hapo bali huletwa kwa lori. Na baada ya udongo, maji. Visima vingi vilivyo karibu na bahari hutoa maji ya chumvi, na maji ya mfereji tunaijua tabia yake: huja yanapotaka yenyewe. Mwenye nyumba asiye na tangi kubwa atanunua maji ya lori, au atakuwa na bustani ya miezi ya masika peke yake.

Hayo yote ni ya mwili. Lipo jingine ambalo macho hayalioni. Jiwe la matumbawe ni chokaa, na palipo na chokaa nyingi mmea hushindwa kupata madini ya chuma hata kama yamo udongoni. Ndiyo maana maua ya iksora yaliyonunuliwa yakiwa ya kijani kibichi hugeuka manjano baada ya muda, mishipa ya jani ikibaki kijani. Mwenye nyumba hudhani yana kiu na kuyazidishia maji. Fundi anayeijua kazi hutazama jani, akatia mboji, akahamisha mimea mingine kwenye vyungu, na akakwambia mahali fulani upande bogenvilia na uache kushindana na jiwe. Nyasi nazo zina wenyewe. Paspalamu huvumilia maji yenye chumvi kuliko nyasi nyingi, kwa hiyo ndizo zinazopendwa karibu na ufuo. Mtu wa bei rahisi hatakuuliza kisima chako kina maji gani. Atachomeka nyasi zozote alizozipata, na mwezi Mei, mvua zikiwa zinanyesha, zitashika. Mei kila mtu ni fundi. Fundi hujulikana Januari, kaskazi inapovuma na ardhi imekauka.

Ushahidi mkubwa kwamba kazi hii ni ya ujuzi uko Bamburi, tena hauko mafichoni. Kiwanda cha saruji kilichoanza kuzalisha mwaka 1954 kilichimba matumbawe hadi kikaacha mashimo meupe yasiyo na udongo, na maji ya chini yake yana chumvi. Mwaka 1971 Mswisi René Haller, aliyesomea bustani na kilimo cha nchi za joto, alianza kujaribu kuotesha miti humo. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili zilikuwa tatu tu, mvinje na mnazi zikiwemo. Mivinje ilikua kwa kasi, lakini majani yake membamba kama nyuzi yalianguka na kulala pale pale bila kuoza, hivyo udongo haukupatikana. Aliyeleta jawabu ni jongoo mwenye miguu myekundu, ambaye huyatafuna majani hayo na kinyesi chake huwa mboji. Haller akaingiza majongoo kwa mamia, mboji ikaongezeka, miti mingine ikafuata, na mwaka 1984 sehemu ya machimbo hayo ikafunguliwa kwa watazamaji. Leo tunaiita Haller Park, na tunawapeleka watoto wakawaone twiga.

Sasa mtu akitaka kujua kazi ile ilikuwa na thamani gani, kuhesabu mashimo yaliyochimbwa hakutamsaidia. Thamani ilikuwa katika kumwona jongoo. Wapo watu wa namna hiyo katika mitaa yetu, kwa kadiri ndogo: wanaojua upande gani wa nyumba hupigwa na kusi yenye chumvi ya bahari, mwarobaini upandwe umbali gani kutoka shimo la maji taka, ua wa michongoma ukatwe lini ili usibaki na mapengo chini. Hawana cheti, na wengi wao hawajui kuwa wanachokijua kina jina. Wanalipwa kwa siku, kama kwamba walichokuja nacho ni mikono pekee.

Nilimwuliza mzee mmoja anayehudumia nyumba kadhaa za mtaani kwetu hiyo bei yake huipata vipi. Alicheka kwanza. "Mwanangu, wewe waona leo," alisema. "Mimi nahesabu mpaka siku ambayo hakuna aliyeniita." Kisha akanifungulia hesabu yake. Anakaa Likoni. Feri kwa mwenda kwa miguu ni bure, lakini matatu za pande zote mbili si bure. Kuna kijana wa kumsaidia kubeba mawe, na hula kwanza kabla yake yeye kula. Mkasi wa kukatia ua hununuliwa na hunolewa. Mpira wa maji wa mwenye nyumba ukipasuka mikononi mwake, mara nyingi hukatwa katika malipo yake. Mvua kubwa ikinyesha asubuhi, siku imekwenda. Tajiri akisafiri na familia mwezi Desemba, mwezi umekwenda. Bei anayoitaja getini ndiyo inayobeba mizigo hiyo yote, na sisi tunaisikia kama bei ya saa nne za jembe.

Sheria nayo ina kauli yake. Katika amri ya mishahara ya Kenya, mtunza bustani yumo katika kundi la mwisho kabisa kwa malipo, pamoja na mfagizi, mtumishi wa nyumbani, yaya, mlinzi wa mchana na tarishi. Kwa viwango vilivyoanza kutumika Novemba 2024, kima cha chini cha kundi hilo katika jiji kama Mombasa kilikuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Asiyepewa nyumba huongezewa asilimia 15 ya makazi, jumla ikafika shilingi 18,530 na senti. Ukigawa kwa siku 26 za kazi unapata kama shilingi 713 kwa siku. Hiyo ni sakafu, si dari, tena ni sakafu ya mwajiriwa wa kudumu, mwenye siku ya mapumziko kila wiki na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka yenye malipo kamili. Kibarua wa bustani hana hata kimoja kati ya hivyo, na vifaa ni vyake. Kwa hiyo anayempa shilingi mia tano kwa siku nzima na kujiona amemsaidia maskini, amsaidie kwanza kwa kufika kwenye sakafu.

Liko jambo ambalo waajiri wengi wa majumbani hawalijui, au hawapendi kulijua. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, hahesabiwi tena kuwa mtu wa kutwa. Anapata haki za mwajiriwa, pamoja na kupewa notisi kabla ya kuachishwa. Yule anayekuja kwako kila asubuhi tangu watoto wako wakiwa chekechea, na bado wamwita kibarua, huenda sheria inamwita kwa jina jingine.

Lakini tusiwafanye mafundi wote malaika. Wapo wanaotazama gari lililoegeshwa kabla ya kutazama bustani, na bei ikapanda kulingana na gari. Wapo wanaokuletea matawi yaliyokatwa jana, wakayachomeka ardhini na kuyaita miche; yatasimama wima wiki moja, pesa zikishalipwa yatalala. Wapo wanaotandaza udongo mzuri juu ya kifusi cha ujenzi, ukafurahi mpaka mizizi iguse saruji. Na wapo wanaochukua malipo ya mbele ya miche na simu zao zisipatikane tena. Hofu ya mwenye nyumba ina sababu. Ninachokataa ni dawa tunayoitumia. Kumkatia mtu bei hakumfanyi awe mwaminifu. Humfukuza mwaminifu, kwa sababu yeye ndiye aliyepiga hesabu ya kweli na hana pa kukata, akabaki yule ambaye tangu mwanzo hakukusudia kuleta udongo.

Dawa ya hofu ni kuelewana kwa maneno yaliyo wazi kabla jembe halijaguswa. Udongo utatoka wapi, na ni lori moja au mawili? Samadi ni ya ng'ombe au ya kuku, na imeoza? Maji ni ya nani? Mmea ukifa ndani ya miezi mitatu, nani anaurudisha? Nani anatupa mawe na majani? Vifaa vinunuliwe kwa pesa za nani, na risiti ziwe wapi? Yaandikwe yote, hata kwa ujumbe wa simu, na malipo yagawanywe: ya vifaa mbele, ya mikono kazi inavyokwenda, na sehemu ibaki mpaka nyasi zishike. Fundi mwaminifu huyapenda maswali haya kwa kuwa yanampa nafasi ya kuonyesha anachokijua. Mjanja huanza kutazama saa.

Kisha kuna ile tabia yetu ya kulipa kwa vitu visivyo pesa. Tunampa mtu wa bustani chai na mkate, shati la zamani, sifa tele mbele ya wageni, na ahadi kwamba tutamtafutia kazi kwa shemeji aliyejenga Kikambala. Ukarimu ni jambo jema, na mwambao huu umejulikana kwa huo. Lakini shati lililopauka halilipi karo ya shule. Wengi wetu tulifundishwa madrasani, tukiwa watoto, kuwa aliyefanya kazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Tumeyashika mafundisho hayo kwa upande wa haraka tu: tunalipa jioni hiyo hiyo, kwa simu, na dhamiri inalala. Upande wa pili ni kuwa ujira ujulikane kabla ya kazi, na uwe ujira wa haki. Kumlipa mtu kidogo upesi bado ni kumlipa kidogo.

Najua atakayesema: nyumba zetu si za mabalozi, karo ni ile ile, umeme umepanda, na huwezi kunihubiria kuhusu bustani. Ni kweli, na hapo ndipo penye jambo lenyewe. Bustani si unga wala dawa. Hakuna sheria ya dini wala ya serikali inayomlazimisha mtu kuwa na nyasi za kijani mbele ya nyumba kwenye jiwe la matumbawe. Bibi zetu wa Kuze na Kibokoni, kule Mji wa Kale, walikuwa na mrehani na asumini kwenye madebe ya samli uani, wakavitunza kwa maji ya kuoshea mchele, na nyumba zilinukia. Nyasi za kukatwa kila wiki tumezitaka sisi, kwa sababu jirani anazo.

Basi pesa zikiwa chache, kinachopaswa kupungua kinajulikana. Badala ya uwanja mzima, panda ukingo wa kibarazani. Badala ya nyasi, weka kokoto na bogenvilia mbili. Badala ya kumwita fundi kila wiki, mwite kila mwezi, umlipe siku yake kamili, na siku nyingine ushike mpira wa maji wewe mwenyewe na watoto wako. Mwambie ukweli: "Mzee, nina kiasi hiki, nifanyie kazi ya kiasi hiki." Wengi watakukatia kazi vizuri kuliko ambavyo ungeikata wewe, maana wanajua kipi kinaweza kungoja masika na kipi hakingoji.

Mwenye pesa za uwanja na mwenye pesa za madebe matano wote wana haki ya kuwa na kitu kibichi nyumbani. Asiye na haki hiyo ni anayetaka uwanja kwa bei ya madebe, kwa sababu tofauti ya bei hiyo haipotei hewani. Hulipwa na mtu mwingine, ng'ambo ya feri, na watoto wake.