Babu Aliyebeba Bunduki

Tunapofuatilia ukoo wetu hapa Kisanga, tunatamani kumkuta babu aliyepigana na Wajerumani. Je, tukikuta kwamba alikuwa askari wao? Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, viliua watu kwa risasi, na wengi zaidi kwa njaa, kwa sababu mashamba na maghala yalichomwa. Wengi wa waliotumwa kuchoma walikuwa Waafrika wenzetu. Jina kama hilo tulifute?

Mathayo hakufuta. Katika ukoo wa Bwana Yesu alimtaja Daudi pamoja na mke wa Uria, na dhambi ile ikabaki wazi. Ezekieli 18 inatufundisha kwamba mwana hachukui uovu wa baba yake. Hata hivyo Nehemia, akiomba, aliungama pia dhambi za nyumba ya baba yake.

Basi haturithi hatia, ila tunadaiwa ukweli. Jirani tunayeshiriki naye Meza ya Bwana huenda ni kitukuu wa waliokufa njaa. Tukimficha babu yetu, tunawaficha na wazee wake. Tumtaje, tuseme alichofanya, na hukumu tumwachie Mungu.